Nani Kasema Mgaza Amekufa?

Nilikwenda kununua madaftari ya mwanangu, nikarudi na Mgaza. Duka lenyewe liko Manundu, napita mbele yake kila siku nikienda kwenye cherehani yangu. Wanauza kalamu, sare na mabegi ya shule, na vitabu vya hadithi wamevipandisha rafu ya juu kabisa, huko visikomsumbua mtu. Niliinua macho kumtafuta muuzaji, nikamwona mwanamume wa kuchorwa, kilemba cheupe kichwani, mzigo begani, amenipa mgongo kama alivyozoea. Nikasema kwa sauti, mbele za watu, "We Mgaza! Ulikuwa wapi miaka yote hii?"

Dada wa dukani akaniuliza kama namfahamu mtunzi. Nikamwambia mtunzi simfahamu, namfahamu huyo mwenye kilemba, maana niliwahi kumlilia msiba. Akacheka akadhani namtania. Akakishusha, akakifuta vumbi, nikasoma kwenye jalada: Kitabu cha Nane. Cha saba kilitoka nikiwa mtoto wa darasa la kwanza. Hapo katikati nimemaliza shule, nimejifunza ushonaji, nimeolewa, nimezaa, na mvi zimeshaanza kunichungulia. Nilikinusa kabla ya kukilipia. Gundi na karatasi mpya, ndiyo. Lakini pua yangu mimi ilinipeleka moja kwa moja Ngombezi, kwenye harufu ya maji ya mkonge.

Wenzangu mliokulia kambi za mkonge mnaijua harufu hiyo. Inauma pua kama togwa iliyopitiliza, mgeni huziba pua kwa kanga, na mwenyeji haisikii mpaka ahame. Baba alifanya kazi kwenye brashi, pale singa zikishakauka zinaposafishwa, na alirudi jioni nywele na nyusi zimejaa vumbi jeupe, kijana mwenye sura ya mzee. Akishaoga ndipo alipokuwa baba yangu tena. Alivaa msuli, akaketi kwenye kigoda barazani, akafungua kitabu, akakohoa. Kukohoa huko hakukuwa kwa mafua. Alikuwa anampa taarifa mama mkwe wake, aliyekuwa ndani nyuma ya pazia, kwamba sasa anaanza kusoma.

Kwetu ukwe una mipaka yake. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali sahani moja, wala hawaitani hivi hivi kama watu wanaouziana mboga. Bibi, mama yake mama yangu, Mzigua wa Kwamsisi, alikuwa mkali wa mambo hayo kuliko mwalimu wa madrasa. Akitaka kutoka nje hukohoa, na baba, Msambaa aliyekulia milimani, huinuka akageukia ukutani mpaka Bibi apite. Na nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kambi na baraza isiyotosha vigoda vitatu! Kwa hiyo maneno yao yote yalipita kwangu. Mimi Zaina nilikaa kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Zaina, mwambie baba yako arudie hapo, mtoto alikuwa analia."

Baba alikuwa amesikia, pazia si ukuta. Lakini alinyamaza akasubiri mpaka nigeuke na kusema, "Baba, Bibi anasema urudie hapo, mtoto alikuwa analia."

"Mwambie bibi yako narudia."

Na Bibi naye, aliyeyasikia yote, alisubiri mpaka nimletee. Nilijiona mtu mkubwa sana. Niliamini bila mimi watu hawa wawili wasingeelewana hata siku moja. Nikitumwa dukani nilikimbia kwenda na kurudi, nikihofia wasije wakakwama.

Mgaza alikuwa kijana wa Kizigua wa zamani zile za misafara, mpagazi wa kubeba pembe kutoka bara mpaka Pangani. Nguvu hakuwa nazo nyingi. Alikuwa na ulimi. Alijua lugha za watu, alijua pa kucheka na pa kunyamaza, na akiingia matatani alitoka kwa maneno. Kijiji chake kilikuwa upande wa Handeni, na kila mwisho wa kitabu alikaribia nyumbani, akauona moshi wa jiko la mama yake, halafu likatokea la kutokea, akageuzwa njia. Hapo baba alifunga kitabu, na Bibi ndani akasema, "Lo! Wamemrudisha tena mtoto wa watu!"

Bibi alikuja Ngombezi kumkanda mama, aliyekuwa amejifungua mdogo wangu Athumani. Kwa desturi angekaa arobaini ipite, kisha arudi shambani kwake. Arobaini ikapita. Bibi akasema shingo ya mtoto haijakaza. Shingo ikakaza. Akasema anasubiri meno. Meno yakatoka, akasema kwa jinsi mama alivyokonda hawezi kumwacha, na mama wakati huo alikuwa na mashavu kama maandazi. Mama alijua, na baba alijua: Bibi alikuwa anamsubiri Mgaza. Jambo la ajabu, ambalo nililiona baadaye sana nilipokuwa na mkwe wangu mwenyewe, ni kwamba baba angeweza kulimaliza siku moja kwa kutonunua kitabu kingine. Yeye ndiye aliyekosa kitanda. Tangu Bibi aje alihamia chumba cha jirani yetu Mzee Maganga, Mnyamwezi mkata mkonge, ambaye kila asubuhi aliniita na kusema, "Zaina, kamwambie bibi yako arudi kwao. Mkwe wake anakoroma kuliko korona, ile mashine ya kusaga mkonge kiwandani!" Hata hivyo kila kitabu kilipoisha, Jumapili baba alipanda baiskeli akaenda Manundu kutafuta kinachofuata.

Bibi naye hakuwa mwepesi wa kusifu. "Mwambie baba yako anasoma vizuri," aliniambia siku moja, "ila anameza maneno kama viazi vya moto. Msambaa na viazi, hawaachani."

"Mwambie bibi yako nitavipooza," baba akajibu, na mabega yake yakawa yanacheka.

Sasa mimi mtoto nilikuwa na hesabu zangu kichwani. Babu mzaa mama alifariki kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kukaa chini akanieleza. Nilichojua ni kwamba watoto wengine wana babu upande wa mama na mimi sina. Halafu kila jioni namsikia huyu Mzigua, Bibi akimwita "Mgaza wetu", baba akimtaja kwa sauti ya adabu, ile ile anayoitumia kwa mambo ya ukweni. Mama akiulizwa atafika lini anasema, "Labda kitabu kijacho." Nafasi ilikuwa wazi, na Mgaza akaingia. Akawa babu yangu. Nilimwekea kikombe cha bati kilichovunjika mkono, nikakificha chini ya kitanda, anywee chai akifika.

Basi tukafika mwisho wa kitabu cha saba. Msafara unavuka mto Pangani, mvua zimejaza mto, mtumbwi unapinduka. Mgaza anamsukuma mwenzake mpaka akashika mzizi, kisha maji yanamchukua yeye. Maneno ya mwisho yalikuwa juu ya kilemba chake kinachoelea, kinazunguka, kinapotea kwenye kona ya mto. Baba akafunga kitabu taratibu. Nyuma ya pazia Bibi akasema, "Innalillahi."

Neno hilo nililijua. Nililisikia kila walipokuja watu na kanga vichwani. Sikungoja nitumwe. Nilitoka mbio mpaka bombani, ambako akina mama wa laini yetu ya nyumba za kambi walikuwa wakisubiri ndoo zao zijae, nikapiga kelele, "Babu yangu amekufa maji! Babu Mgaza amekufa!" Nikalia kweli kweli, kamasi na machozi.

Nani angeuliza zaidi? Mgaza ni jina la kawaida huku. Bibi kutoka Kwamsisi walijua yupo. Wakadhani habari imeletwa kutoka Handeni, ndugu wa Bibi kazama. Ndoo zikaachwa. Mmoja akaleta unga, mwingine kuni, mwingine mafungu ya mchicha, na kabla giza halijaingia baraza yetu ilijaa wanawake wameketi chini, wanafuta macho. Mama alikuwa amekwenda kliniki Korogwe na Athumani mgongoni, na baba alipoona watu wanaingia akainuka na kitabu mkononi, akawa anapokea pole asizojua za nini.

Ndipo akatokea Mzee Maganga. Wazigua na Wanyamwezi ni watani toka zama za misafara hiyo hiyo, na mtani msibani ana ruhusa ambazo hata mjomba hana. Alikuja na blanketi lake, akajilaza katikati ya mkeka, taulo jeupe amelizungusha kichwani kama kilemba. "Sitoki hapa," akatangaza, "mpaka nipewe jogoo! Mzigua gani huyu anakufa maji? Sisi tulivuka mto ule pembe vichwani, hata nyayo hazikulowa. Yeye kabebeshwa kilemba tu, kazama!" Waombolezaji wakaanza kucheka katikati ya kilio, kama inavyotakiwa. Nami nilimchukia kwa dakika hizo. Kumbe mzee yule alikuwa akimsikiliza Mgaza kupitia ukutani kwake toka kitabu cha kwanza, na alijua vizuri kuliko wote pale marehemu ni nani.

Mama aliingia katika hali hiyo. "Pole na msiba, mama Zaina," wakamwambia.

"Msiba gani?"

"Wa mzee wenu. Mgaza."

Mama akamtazama baba. Baba akakiinua kitabu kidogo, kama mtu anayeonyesha tiketi. Mama akaketi chini na mtoto wake mgongoni, akacheka mpaka akaomba maji. Habari ikaenea mkekani, mmoja akimnong'oneza mwenzake, wengine wakacheka, wengine wakanuna. Mama mmoja jirani, aliyelia kuliko wote, akasema, "Kwa hiyo nimemlilia mtu wa kitabuni? Haya, machozi yangu siyarudishi, lakini na unga wangu msiupike bila mimi." Na kweli, kilichokwisha kuletwa msibani hakirudi. Kilipikwa, tukala wote.

Lakini kabla ya kula, sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Zaina! Waambie hao: nani kasema Mgaza amekufa?"

Nikawaambia, nikisinasina.

"Waambie innalillahi husemwa hata chungu kikivunjika. Maiti imeonekana? Kimeonekana kilemba. Tokea lini watu wakazika kilemba? Mimi matanga ya mtu ambaye sijaona maiti yake sikai!"

Mzee Maganga akavua taulo kichwani, akaketi. "Mama kasema kweli," akakubali, na utani ukamtoka usoni. "Huenda yupo."

Ukiniondoa mimi, jioni ile kila mtu alifurahi. Mimi niliambiwa, kwa upole lakini nikaambiwa, kwamba Mgaza si babu yangu bali ni mtu aliyetungwa. Nililia upya, na kilio hicho hakuna aliyekiletea unga. Bibi akanivuta ndani, akanilaza mapajani penye ukili aliokuwa akisuka, minyaa ya ukindu ikanichoma shavuni. Hakuniambia ninyamaze. Alisema, "Kikombe kile usikitoe. Kwani mimi namsubiri kwa sababu ni ndugu yangu? Namsubiri kwa sababu nampenda." Sijui kama mtu mzima mwingine amewahi kunipa jibu zuri kama hilo.

Kesho yake laini nzima ilitaka kujua wamemlilia nani, baba akaanza upya kitabu cha kwanza, baraza ikajaa, Mzee Maganga akitetea Wanyamwezi kila walipotajwa. Zilikuwa jioni za raha. Hata hivyo nilikuwa namtazama Bibi kwa wasiwasi, maana nilishaelewa kilichomfunga Ngombezi. Baba akienda Manundu alirudi mikono mitupu. Cha nane hakijatoka. Cha nane labda mwakani. Muuza vitabu akasema amesikia mtunzi ameacha, mwingine akasema kiwanda cha kuchapa kimefungwa, na hakuna aliyejua ukweli. Tulisoma vyote saba tena mpaka kilemba kikaelea mara ya pili, safari hii kambi nzima ikaguna. Mvua zikakaribia. Mjomba akaja kutoka Kwamsisi, akasema shamba la mama litalimwa na nani.

Siku ya kuondoka Bibi alisimama nyuma ya pazia, kanga mbili, kifurushi kichwani. Baba barazani, uso ukutani.

"Mwambie baba yako huyo hajafa. Siku akirudi, na mimi nitarudi nisikilize."

"Mwambie bibi yako nimesikia. Nikimpata, sitakifungua mpaka afike."

Nilibeba maneno hayo huku na huku nikilia, mjumbe gani analia kazini. Baada ya hapo Bibi alikuja mara nyingine, kwenye harusi yangu, kwenye misiba ya kweli, akafika leo akaondoka kesho. Kukaa hakukaa. Na baba naye, hata alipostaafu akajenga Manundu, na Mzee Maganga akawa amesharudi kwao Tabora, hakuacha kuulizia kwenye maduka. Ilifika mahali wauzaji wakimwona wanatikisa kichwa kabla hajafungua mdomo. Sasa macho yake yana ukungu, haendi tena madukani.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyotoka dukani siku ile. Nilikiweka kitabu juu ya kabati la vitambaa nikaanza kushona, nikashona mkono wa gauni la mteja upande usio wake. Nikafumua. Kidole changu kilikwenda kwenye ukurasa wa kwanza, nikakirudisha. Nilitaka kujua! Yupo au hayupo? Mtu ana haki ya kujua habari za babu yake. Nikampigia mjomba simu, nikamwambia amwekee Bibi sikioni.

"Bibi, shikamoo. Mgaza amerudi."

Nikamsikia akijivuta karibu na simu.

"Umemwona?"

"Nimemwona mgongo tu, kwenye jalada."

"Umefungua?"

"Sijafungua."

"Usifungue. Nakuja."

Mjomba akachukua simu, akanigombeza kwamba mama miguu haimbebi, haendi mbali zaidi ya msikitini, nani amempa habari za vitabu. Nilimwambia namwelewa. Siku ya tatu bodaboda ikasimama mlangoni kwa baba, Manundu, na juu yake, amebanwa katikati ya dereva na mjomba aliyechoka kuliko yeye, alikuwa Bibi, mkeka wake umekunjwa kwapani. Alikohoa. Baba, aliyekuwa barazani, akainuka kwa kushika nguzo, akageukia ukutani.

Alasiri baba alioga, akavaa msuli. Mama alinikonyeza, akaingia jikoni kuchekea huko. Nilijitolea kusoma mimi, baba akakataa, akavaa miwani yake na kukisogeza kitabu mpaka kikakaribia pua. Pazia likashushwa. Mimi, fundi cherehani mwenye wateja na watoto, nikaketi kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Baba akasoma mstari wa kwanza, polepole, akipapasa maneno.

"Zaina, mwambie baba yako apaze sauti, masikio yangu yamezeeka."

"Baba, Bibi anasema upaze sauti."

"Mwambie bibi yako napaza, na macho yangu yamezeeka pia."

Akapaza. Bibi bado hakusikia. Nikausikia mkeka ukiburutwa, ukasogea. Baba akasoma mistari mingine: asubuhi, wanawake wa kijiji cha mtoni wamekwenda kuchota maji, mmoja anaona kitu kimenasa kwenye matete. Mkeka ukasogea tena. Pazia likatikisika, likafunguka, na Bibi akatoka barazani kabisa, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, akaketi akimpa baba mgongo, sikio lake karibu na bega la baba. Baba alimwona, sidhani kama hakumwona, lakini hakuinuka wala hakugeuka. Aliendelea kusoma. Yule mwanamke anasogea kwenye matete. Ni mtu. Anamgeuza. Kichwa hakina kilemba. Mtu anakohoa maji, anafungua macho, na kwa lugha ya mwenyeji kabisa anauliza kama kuna chochote cha kula.

Baba akashusha kitabu. Akavua miwani akaifuta na ncha ya msuli, ingawa si miwani iliyolowa. Nikageuka kwa Bibi kuchukua ujumbe, mdomo wazi, tayari.

Bibi hakunitazama. "Baba Zaina," akasema, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, "nilikwambia."

"Uliniambia, mama," baba akajibu.

"Haya. Soma."

Nikafunga mdomo, nikainuka taratibu kizingitini. Nikaingia ndani kutafuta kikombe cha kumtilia Bibi chai.